Mahali pa Kuweka Chakula na Maji ya Kuku wa Uani

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mwanachama akiona mayai yamepungua, neno la kwanza atakalomwambia katibu wa chama chake ni kwamba chakula alichouziwa ni kibaya. Neno la pili ni ugonjwa. Katibu naye huandika barua kwenda bohari, au humwita bwana mifugo, na dawa hununuliwa. Ni mara chache mmoja wao huuliza chombo cha chakula kimewekwa wapi, na cha maji kimewekwa wapi. Swali hilo halina gharama, na jibu lake aghalabu huonekana kwa macho mara tu mtu afikapo uani.

Jambo hili lina hesabu yake. Kuku wa kisasa atagaye hula kiasi cha gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 12 basi hula gramu 1,440, yaani karibu kilo moja na nusu. Ikiwa fungu moja katika mafungu matano ya chakula hicho humwagika chini, hasara ni gramu 288 kila siku, na kwa mwaka mzima ni kilo 105. Hiyo ni mifuko miwili ya kilo 50 na ziada. Mwanachama aliyechukua chakula kwa mkopo atadaiwa mifuko hiyo sawasawa na mingine, ingawa walioila ni panya na shomoro. Chama hudai, mwanachama hunung'unika, na kuku hutupiwa lawama.

Yafaa kuanza na maji, kwa kuwa ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Kuku hana jasho. Joto likimzidi hufungua mdomo na kutweta, na kwa kutweta huko maji humtoka mwilini. Zaidi ya hayo, zaidi ya nusu ya uzito wa yai ni maji. Siku ya kawaida kuku mmoja mkubwa hunywa kiasi cha robo lita. Siku ya joto kali hunywa mara mbili ya hapo, pengine zaidi. Maji yakichemshwa na jua huyanywa kwa shingo upande, na asipokunywa hali pia. Kuku watagao wakikosa maji siku nzima utagaji huvurugika, na huchukua siku nyingi kurudi. Mwanachama huwa amekwisha kuisahau siku ile chombo kilipokauka, na kupungua kwa mayai hukuona kama jambo lisilo na asili.

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kusahau kwamba kivuli hutembea. Mwenye nyumba huweka sufuria ya maji asubuhi upande wa magharibi wa nyumba, penye kivuli kizuri, kisha huenda shambani. Ifikapo saa sita jua li utosini. Saa nane mchana kivuli kimekwisha hamia upande wa mashariki, na ile sufuria imebaki juani peke yake. Kuku wamejikunyata chini ya ghala, wanatweta, wala hawatauvuka ua wa mchanga unaowaka ili kwenda kunywa maji ya moto. Jioni mwenye nyumba hukuta maji yamo tele, akadhani kuku wake hawana kiu.

Tena kivuli cha ukuta hubadilika kwa majira. Katika Tanzania jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi wa Juni, na upande wa kusini mwezi wa Desemba. Ukuta uliokuwa kimbilio wakati wa kipupwe huenda ukawa tanuri wakati wa kiangazi cha mwisho wa mwaka. Mahali pa maji basi pachaguliwe baada ya kutazamwa mara tatu katika siku moja: saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri. Pasipopatikana mahali pa namna hiyo, fito nne na makuti au nyasi juu yake zatosha. Kibanda kisicho na kuta, chenye paa lipitalo kifua cha mtu, hupitisha upepo na kuzuia jua. Mtungi wa udongo uliovunjika shingo ni chombo chema kuliko sufuria ya bati, kwa sababu udongo hunyonya maji kidogo kidogo, nayo yakikauka kwa nje huyapoza yaliyobaki ndani. Wazee walilijua hilo kwa maji yao wenyewe ya kunywa. Kuku nao hawana sababu ya kunyimwa.

Kivuli cha mti ni kizuri, lakini atazamaye chini ya mti atazame na juu pia. Matawi yanayolaliwa na njiwa au na kuku wenyewe hudondosha kinyesi ndani ya maji usiku kucha. Hali ni hiyo hiyo ndani ya banda: chombo cha maji au cha chakula kisiwekwe kamwe chini ya fito za kulalia. Kinyesi ni njia ya magonjwa mengi, na miongoni mwayo ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Bata nao wasinywe chombo kimoja na kuku. Huyachafua maji kwa matope katika muda mfupi, na tena bata huweza kuchukua vijidudu vya mdondo bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa.

Shida ya Dodoma na Singida ni jua na uhaba wa maji. Katika vihamba vya Kilimanjaro na migomba ya Bukoba shida hugeuka: kivuli ni kingi, na unyevu nao ni mwingi. Huko chombo kiwekwacho chini ya migomba hukaa katika ardhi isiyokauka, na chakula cha unga kikilowa huota ukungu. Chakula chenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo haiondoki kwa kuanikwa juani wala kwa kuchanganywa na chakula kipya. Chakula hicho kitupwe. Unyevu huleta pia ugonjwa wa kuhara damu, uitwao koksidiosi. Vijimayai vya vijidudu vyake hutoka katika kinyesi vikiwa bado havina nguvu ya kudhuru. Vikipata joto na majimaji, siku moja au mbili zatosha kuvikomaza, na kifaranga avidonoaye huugua. Mahali palipo bora kwa vijidudu hivyo ni yale matandazo yaliyolowa kandokando ya chombo cha maji. Kwa hiyo chombo hicho kiinuliwe juu ya kichanja cha fito au juu ya kokoto, ili yamwagikayo yapite chini, mahali kuku asipofikisha mdomo wake.

Kuhusu kimo, kanuni ni moja na ni rahisi: ukingo wa chombo uwe sawa na mgongo wa kuku aliyesimama. Kuku ameumbwa kupekua. Sahani iliyo chini ataiparua kwa miguu, ataingia ndani yake, na atatupa unga pande zote ili atafute punje aipendayo. Ukingo ukiwa sawa na mgongo wake hana budi kula akiwa amesimama nje, na kianguka mdomoni huangukia mle mle chomboni. Matofali mawili matatu hutosha kuinua chombo, na huongezwa kadiri kuku wanavyokua. Chombo kisijazwe zaidi ya theluthi moja. Wengi hukijaza hadi juu ili wasisumbuke kurudi, na ndipo zile kilo 105 zinapoanzia.

Chakula na maji visikae mahali pamoja, wala visitengane mbali. Kuku alaye unga huenda kunywa akiwa na unga mdomoni. Vyombo vikigusana, maji hugeuka uji kabla ya adhuhuri, na uji huo huchacha. Vikitengwa kwa hatua mbili au tatu mambo huwa mema. Ndani ya banda, pasiwe na kuku alazimikaye kwenda zaidi ya meta 3 ili kufikia chakula au maji. Tena chakula kisiwekwe katika pembe ya giza. Kuku hali asichokiona, na mabanda mengi ya udongo yana dirisha moja tu.

Sasa lipo jambo ambalo wanachama wengi hawalifikirii, nalo ni nani hasa anayekula. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika mwaka 1922 juu ya cheo miongoni mwa kuku: yuko amdonoaye kila mmoja na hadonolewi, na yuko wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Kila mfugaji ameliona hilo, ila hakulipa jina. Chombo kikiwa kimoja, tena kimewekwa pembeni, kuku wawili watatu wenye nguvu hukimiliki, na wanyonge husubiri masalio. Mwenye nyumba hupima chakula cha kuku 12 na kudhani 12 wamekula. Dawa yake ni kuweka vyombo viwili au zaidi, mbali kimoja na kingine, na palipo wazi ili kuku aweze kukimbilia upande wa pili akifukuzwa. Kwa chakula, kila kuku mkubwa apate nafasi ya sentimeta 10 ya ukingo, na kwa maji sentimeta 2.5. Kihori cha urefu wa sentimeta 60 kilicho wazi pande zote mbili huwafaa kuku 12.

Ubaya wa chombo kimoja huonekana zaidi siku ya chanjo. Chanjo ya mdondo iitwayo La Sota hutolewa mara nyingi katika maji ya kunywa. Kuku huzuiliwa maji kwa saa moja au mbili, kisha hupewa maji ya chanjo, nayo yapasa yaishe katika muda wa saa mbili. Kuku mnyonge afukuzwaye chomboni hanywi, au hunywa kidogo mno. Vyombo vikiwa juani chanjo huharibika kabla ya kunywewa, na maji ya bomba yenye klorini huiua kabisa. Baadaye mdondo ukiingia na kuua kuku watano kati ya 12, maneno huenea kijijini kwamba chanjo ya chama haifai kitu, na msimu unaofuata watu hukataa kuchangia. Siku hiyo basi vyombo viongezwe, vioshwe kwa maji matupu pasipo sabuni, na vitandazwe kivulini asubuhi na mapema. Wenye kuku wachache wa kienyeji wanayo njia nyingine, nayo ni chanjo ya I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Tone la jicho halimtegemei mwenye nguvu wala mnyonge.

Vifaranga wana mahali pao. Wakila pamoja na wakubwa hukanyagwa na kunyang'anywa, na katika sufuria ya maji huzama. Maji yao yawe katika kisahani chenye kokoto ndani, wapate kunywa katikati ya mawe bila kuingia. Chakula chao kiwekwe chini ya tenga lililoinamishwa, ambalo matundu yake hupitisha kifaranga na kumzuia mama. Tenga hilo liwe karibu na jiko, mahali watu wapitapo, kwa sababu mwewe na nguchiro huogopa nyayo za watu kuliko kitu kingine chochote. Hilo huwafaa pia akina mama na watoto, ambao katika nyumba nyingi ndio hasa watunzaji wa kuku: maji yaliyo njiani mwao hujazwa, na yaliyo nyuma ya choo husahauliwa.

Usiku chakula kiondolewe na kufunikwa, kwani panya hula na kuacha kinyesi chao humo humo.

Katibu anayetaka kujua hali ya kuku wa mwanachama aliyekopeshwa asiende asubuhi, wakati ua umefagiwa na vyombo vimejazwa. Aende saa nane mchana bila taarifa. Atie kidole katika maji, apime ukingo wa kihori kwa mgongo wa kuku, kisha ahesabu wangapi wamesimama mbali wakitazama wenzao wanavyokula. Hayo yaandikwe katika daftari la chama kabla ya barua yoyote kupelekwa bohari.