Chakula cha Kutazama na Chakula cha Kula

Mazungumzo ya redioni. Somo: Yohana 21:1–17

Twazungumza nanyi kutoka Maungu, hapa njiani kati ya Voi na Mombasa, mahali ambapo malori hupita usiku na mchana, na mvua hupita mara chache sana. Kama mko jikoni saa hii, msiache kazi yenu. Maneno yetu ya leo ni ya jikoni.

Nyumbani kwetu tuna televisheni ndogo, na kwa muda mrefu tulizoea kukaa mbele yake Jumapili jioni kutazama vipindi vya mapishi. Hatusemi kwamba ni vibaya. Tumejifunza mengi kwa wapishi wale: kuosha mboga kabla ya kuzikata, wala si baada, ili uzuri wake usimwagike pamoja na maji, kuloweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi na kuni zisiishe. Mwaka 2017 kituo cha Citizen kilionyesha kipindi kiitwacho Shamba Chef. Kipindi hicho kilikwenda hata kwenye majiko ya wakulima wadogo, kikafundisha kupika chakula cha afya kwa vitu vinavyopatikana mashambani mwao, na kutumia jiko linalopunguza moshi na kuni. Jambo hilo lilitupendeza sana. Mwalimu anayekuja hadi kwenye mafiga yako hufundisha vizuri kuliko anayekuita kwa mbali.

Lakini, ndugu wapendwa, kuna jambo lililotupata ambalo hatuna budi kuwaambia, ingawa latuaibisha.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa mibaya katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Wengi wenu mwakumbuka. Mahindi yalikauka yangali mafupi, na mifugo ikafa. Katika kiangazi hicho, mtoto mmoja wa jirani alianza kuja kwetu kila Jumapili jioni. Alikuwa akisimama mlangoni, akitazama mapishi kwa makini, asiseme neno. Sisi tulisema, “Mtoto huyu apenda televisheni kweli kweli,” tukamwambia aingie, akaketi sakafuni.

Jumapili moja mpishi alikuwa akikaanga samaki kwa vitunguu na nyanya. Alipomaliza alikipanga chakula kwenye sahani nzuri, akaonja kidogo, akatabasamu, na kipindi kikaisha. Mtoto akageuka, akauliza, “Mama, wakishapika chakula kile, humpa nani?”

Tulicheka. Kisha mmoja wetu akamwuliza, “Wewe leo umekula nini?” Akajibu, “Bado.” Ilikuwa saa mbili usiku. Sufuria yetu ya kimanga ilikuwa pale pale mekoni, imebaki nusu, imefunikwa. Na asubuhi ile tulikuwa tumeketi kanisani benchi moja na mama yake, tukapeana mikono ya amani, tukaulizana habari za nyumbani. Tulisema ni nzuri. Naye alisema ni nzuri.

Kwa majuma mengi tulikuwa tumemkaribisha mtoto yule kwenye chakula cha kutazama, nasi tulikuwa na chakula cha kula.

Usiku ule, baada ya kumpeleka kwao na bakuli lililojaa, tulifungua Injili ya Yohana, sura ya 21. Hadithi yake mwaijua. Petro na wenzake wamevua usiku kucha wasipate kitu. Kunapambazuka, Bwana aliyefufuka amesimama ufuoni. Watokapo majini wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana mwenyewe amekuwa mpishi! Mikono ile yenye makovu ya misumari imewasha moto na kugeuza samaki. Tena, hakupika ili watazame. Aliwaita wale, akatwaa mkate akawapa, na samaki vivyo hivyo.

Twaomba mtazame mambo matatu katika mapishi hayo.

Kwanza, Bwana alitayarisha mapema. Wapishi wa televisheni nao hufanya hivyo: kitunguu kimekwisha kukatwa, unga umekwisha kupimwa, kila kitu ki ndani ya bakuli lake kabla ya moto kuwashwa. Wanafunzi walikuwa bado ziwani, wamechoka na wana njaa, na chakula chao kilikuwa tayari ufuoni. Hawakuomba. Mungu wetu hangoji mwenye njaa ashinde aibu yake ndipo amfikirie. Mama yule jirani yetu hakuweza kuomba, na sisi tulingoja aombe.

Pili, Bwana alipika kwa ajili ya mtu aliyeanguka. Huko Marekani, mama mmoja jina lake Julia Child alianza mwaka 1963 kipindi cha mapishi kilichojulikana sana, The French Chef. Siku moja alijaribu kugeuza chapati ya viazi kwa kuirusha, na sehemu yake ikamwagika juu ya jiko, mbele ya watazamaji wote. Hakuficha. Aliokota vipande, akavirudisha kikaangoni, akawaambia watu kwamba ukiwa peke yako jikoni hakuna atakayekuona. Watu walimpenda kwa kuwa hakujifanya mkamilifu. Basi Petro naye alianguka mbele ya watu. Yohana 18:18 yatuambia mahali: penye moto wa makaa, katika ua wa kuhani mkuu, ndipo alipomkana Bwana wake. Na sasa, katika sura ya 21, Bwana anamwashia moto wa makaa mwingine. Alipoanguka Petro kando ya moto, hapo ndipo anaposimamishwa. Sisi tuliokosa jikoni twaweza kuanza tena papo hapo jikoni.

Tatu, aliyelishwa alitumwa kulisha. Walipokwisha kula, Bwana alimwuliza Petro mara tatu kama ampenda, na kila mara akampa kazi ya kuwalisha na kuwachunga kondoo wake. Hakumwuliza kama chakula kilikuwa kitamu. Wapenzi, mahubiri nayo yaweza kuwa kama kipindi cha mapishi. Twaketi, twatazama, twasifu jinsi mhubiri alivyopanga maneno yake, kisha kipindi kinaisha, nasi twaenda nyumbani. Yakobo katika waraka wake, sura ya 1, atuonya kwamba msikiaji asiyetenda ajidanganya mwenyewe. Na swali la mtoto lingali palepale: wakishapika, humpa nani?

Msidhani kwamba tumekuwa watu wa sifa. Tulichofanya ni kidogo. Kila Jumamosi usiku, tulowekapo maharagwe ya kimanga, twaongeza konzi moja ya jirani. Mama yule naye, mvua iliponyesha akapata kunde, alituletea majani ya kwanza ya shamba lake. Aliyaweka mlangoni, akasema, “Hizi ni za sufuria yetu.” Twaona neno hilo ni zuri kuliko asante.

Televisheni ingalipo, na mapishi twayatazama bado. Lakini kabla ya kuiwasha, mmoja wetu hutoka nje kwanza, akatazama kama kuna moshi kwa majirani. Msikilizaji mpenzi, nawe leo jioni, kabla hujafunika sufuria yako, toka nje utazame. Kama hakuna moshi, wajua la kufanya.

Natuombe. Bwana Yesu, uliyewapikia wanafunzi wako waliochoka, utusamehe kwa vyakula tulivyofunika. Tufumbue macho tuone njaa iliyo karibu nasi, hata ile isiyosema. Uwape mvua watu wa nchi kavu, na utupe mikono inayotoa kabla ya kuombwa. Amina.