Samaki wa Kuoka na Maji ya Mabibo

Samaki wa bahari afikaye Nachingwea au Ruangwa ametoka mbali, Lindi au Mtwara. Basi mtazameni kwanza: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama ngumu. Aliyeharibika mwacheni, maana iko sumu yake isiyoondoka kwa moto.

Aliye mzima mpasueni, mtoeni matumbo, mpakeni chumvi, ndimu na tui zito. Mfungeni katika jani la mgomba lililobabuliwa, mtieni chunguni, kisha mpalieni makaa chini na juu ya kifuniko. Nyama ikiachana na mfupa, ameiva.

Majira ya mabibo, kinywaji chake ni maji yaliyokamuliwa siku ile ile; ukakasi wake wapatana na tui. Yakilala huwa uraka, nao ni kileo, hawapewi watoto. Samaki hangoji kesho, wala mabibo hayangoji. Kwaherini.