Perimi na Lutuku: Amande Inapomaliza Kesi Kabla ya Hakimu



Mumeniomba niseme juu ya perimi ya mtu aliyekamatwa akiendesha amelewa. Swali la motari, yaani dereva wa pikipiki, huwa moja: "Watanikatalia kuendesha kwa muda gani?" Kwetu Kongo, mtu anaweza kukamatwa, kulipa, na kurudi barabarani bila perimi yake kuguswa hata siku moja.

Sheria ipo. Kodi ya barabara, Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inakataza kuendesha ukiwa umelewa. Inakubali pia mkosaji aondolewe haki ya kuendesha, lakini uwezo huo uko kwa hakimu. Polisi wa rulaje anaweza kukusimamisha na kuandika proseverbali. Opeje, yaani ofisa wa polisi ya upelelezi, anaweza kukuzuia, lakini kwa kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006, hapiti saa 48 bila kukuachilia au kukupeleka mbele ya mkubwa wa sheria. Askari anayekaa na perimi yako mfukoni wiki mbili bila karatasi yoyote hajakupa adhabu, amekuwekea bei.

Sasa tuangalie kesi inapokatikia. Kodi ya mwenendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu opeje kukupendekezea amande ya mapatano kwa kosa analoona linatosha kulipiwa. Ukilipa, kesi inazimika, isipokuwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, iamue kuifuata. Tena kulipa hakuhesabiwi kuwa umekiri kosa. Basi hakuna hukumu, na pasipo hukumu haki ya kuendesha haiwezi kuondolewa. Aliyekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, Jumamosi analipa, anadai kitansi chake (na akidai kweli!), Jumatatu anabeba watoto wa shule. Akikamatwa tena mwezi ujao, mbele ya sheria ni mtu mpya kabisa.

Mambo yanageuka mtu akifa. Kifungu cha 53 cha kodi ya adhabu, kitabu cha pili, kinampa aliyeua bila kukusudia kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, pamoja na amande. Hapo faili inapanda tribinali ya amani. Yaani tunasubiri maiti ndipo tufike kwa hakimu.

Wenzetu wa Kenya wamelifunga tundu hilo. Kifungu cha 44 cha sheria yao ya barabara kinasema anayehukumiwa kwa ulevi anapoteza leseni kwa miezi 12, na hakimu anaweza kuongeza. Juu yake kuna faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Ushahidi ndio uliowasumbua: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kanuni za kipimo cha pumzi hazisimami kisheria. Kumbe hata mwenye mashine anaweza kushindwa.

Sisi tunategemea pua ya askari na mwendo wa mlevi. Hata hivyo opeje ana haki ya kumwita daktari kwa rekizisyo, na afanye hivyo usiku uleule. Pombe inatoka katika damu saa baada ya saa. Kipimo cha kesho yake mchana kitamsafisha mwenye kosa. Motari asiye na kosa naye anakihitaji, maana harufu ya mdomo haisemi kiasi.

Linabaki jambo linalotuuma zaidi: motari asiye na perimi. Utamnyang'anya nini? Pikipiki si yake, ni ya patroni, na ikizuiliwa patroni ndiye anayekosa verisema, yaani pesa anayoletewa, huku kijana anaazima nyingine. Pendekezo langu ni tuanze na kitu alicho nacho, yaani jile yenye namba. Asosiasyo ya motari iandike daftari: tarehe, jina, namba ya jile, alivyokutwa, nani alishuhudia. Apewe nafasi ya kujieleza. Mara ya kwanza jile ikae ofisini mwezi mmoja, na patroni wote wajulishwe. Mara ya pili, miezi sita. Asosiasyo haina mamlaka juu ya perimi, wala isijifanye tribinali. Lakini parke ikikuta jina lilelile mara tatu katika daftari, itakuwa na sababu ya kukataa amande na kuipeleka faili kwa hakimu. Nani atalitunza daftari hilo, na akiwa mlevi ni ndugu yake, ataandika? Naomba tuanzie mjadala hapo.