Hotuba ya Mgeni Rasmi: Maonyesho ya Takwimu katika Uhalisia Pepe



Nilikuja na hotuba iliyoandikwa. Naomba niiweke pembeni, maana mabanda niliyopitia yamenipa la kusema.

Banda la kwanza nilivishwa miwani ya uhalisia pepe, nikajikuta katikati ya nguzo za bei za mahindi, ndefu kunipita. Zinapendeza. Ila za mbele zinaficha za nyuma, na iliyo karibu inaonekana kubwa kuliko iliyo mbali hata kama bei ni ileile. Nikauliza: mwezi gani mahindi yalikuwa ghali zaidi? Kijana akafungua chati bapa kwenye kompyuta, akanijibu papo hapo!

Watafiti William Cleveland na Robert McGill walilionyesha hili mwaka 1984: jicho hulinganisha vizuri vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, na huteleza linapokadiria ujazo. Basi bei, kura na alama za mitihani zibaki kwenye karatasi. Sioni kwa nini tumbebeshe mtu mashine kichwani ili asome nguzo kumi na mbili.

Banda la tatu ni habari nyingine. Pale, wanafunzi, mmeweka nani anamuuzia nani: wakulima, madalali, maghala. Kwenye skrini nyuzi zile ni jarife lililosokotana. Nilipovaa miwani nikainamisha kichwa kuchungulia kwa ubavuni, zikaachana, na nikamwona dalali mmoja ambaye karibu kila njia inapita kwake. Watafiti Colin Ware na Glenn Franck walilipima jambo hili mwaka 1996. Watu walipotazama kwa macho mawili, picha ikifuata mwendo wa kichwa, walimudu mtandao mkubwa karibu mara tatu ya ule wa picha bapa. Na mwendo wa kichwa ulisaidia zaidi kuliko hayo macho mawili.

Kwa hiyo wekeni nguvu hapo, kwenye picha kufuata mwendo wa kichwa. Picha ikichelewa kukifuata kichwa, kichefuchefu hakikawii. Kilinianza banda la pili, mkiniona nawahi kukaa msidhani ni uzee.

Mkuu wa Chuo, ombi lako la miwani zaidi nimelipokea na nitalibeba, kwa sharti moja: kila mradi uje na chati bapa ya takwimu zilezile, watu wajaribishwe kwa zote mbili, na matokeo yabandikwe ukutani hata yakiiaibisha miwani.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maonyesho haya yamefunguliwa rasmi.