Zebaki na Jino Lililotoboka

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vitu ambavyo waganga wa meno hutumia kuzibia jino lililotoboka, na jinsi ipasavyo kuvishika visimdhuru mtu.

Tuseme mtu akaaye Ukonga, kando ya barabara iendayo Pugu, ameumwa na jino usiku kucha. Asubuhi nia yake ni moja tu: ling'olewe! Walakini si kila jino lililotoboka lapaswa kung'olewa. Kama tundu halijafika kiini, mganga aweza kulisafisha na kuliziba, likatafuna tena miaka mingi. Basi, huliziba kwa kitu gani?

Kitu kilichotumika sana tangu karne ya 19 ni amalgamu. Huo ni unga wa fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Wengi wenu mwaijua: ni ile madini ya majimaji, ing'aayo, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, wameitumia kunasa dhahabu. Amalgamu ikishika huwa ngumu sana, hata yastahimili kutafuna.

Sasa tuitazame hatari yake. Zebaki hutoa mvuke hata bila kutiwa motoni, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Avutaye mwingi kwa siku nyingi hudhurika ubongo na figo. Aliye karibu zaidi na hatari hiyo ni mganga mwenyewe na msaidizi wake, kuliko mgonjwa. Kwa hiyo yafaa watumie zebaki iliyokwisha kupimwa na kufungwa kiwandani, wasiishike kwa mikono mitupu, na madirisha ya chumba yawe wazi. Ikimwagika isifagiliwe, maana ufagio huitawanya ikawa matone madogo yasiyoonekana. Mabaki yatiwe katika chombo chenye kifuniko cha kukaza; yasitupwe jaani, yasichomwe moto, wala yasimwagwe mferejini.

Kwa nini yasimwagwe mferejini? Kwa sababu maji ya mitaa mingi ya Dar es Salaam huingia Mto Msimbazi, na Msimbazi huishia baharini, wanakotoka samaki wetu. Katika mji wa Minamata, nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki ya namna kali mno. Samaki wakaingiwa na sumu, na watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambulikana: watu walitetemeka, wakashindwa kusema, na wengi wakafa. Hata zebaki ya kawaida, ikifika matopeni, vijidudu huigeuza kuwa sumu ya namna ileile.

Kwa kuukumbuka msiba huo, mataifa yalifanya Mapatano ya Minamata mwaka 2013, na Tanzania ikayathibitisha mwaka 2020. Mwaka 2022 yaliongezwa masharti: amalgamu isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha, ila mganga aonapo hapana budi. Mwaka 2025 mataifa yalikubaliana kuiacha kabisa ifikapo 2034.

Je, kitu gani kitashika mahali pake? Hapa nchi yetu ina haki ya kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, mganga wa meno Mholanzi, na wenzake walianzisha Tanzania njia ya kuziba meno bila umeme. Uozo hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa. Siku hizi njia hiyo hutumia saruji ya unga wa kioo uliochanganywa na asidi. Saruji hiyo haina zebaki, hujishikiza yenyewe katika jino, tena hutoa floridi inayoliimarisha. Lakini nayo ina udhaifu wake: katika tundu kubwa haina nguvu kama amalgamu, na mate yakiigusa kabla haijashika huharibika. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa asile kwa muda wa saa moja, na atii.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Mimi nina amalgamu kinywani tangu zamani, je, niiondoe?" La. Ikiwa nzima, iache, maana kuichimba hutoa mvuke mwingi kuliko kuiacha. Lakini uendapo kuziba jino jingine, uliza litazibwa kwa kitu gani. Na mwanamke mwenye mimba amwambie mganga mapema. Tena, watoto wasichezee zebaki ya kipimajoto kilichovunjika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba hujengwa upya. Bali jino la mtu mzima likishang'oka, halioti tena. Basi mwendeeni mganga tundu likiwa dogo.