Mwili Mnene, Simu na Heshima: Mada kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii, Ronge

1. Utangulizi

Wahudumu wenzangu, tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipozindua mpango wa kuwapa wahudumu wapatao 100,000 nchini mikoba ya vifaa pamoja na simu, mtu wa Ronge Juu au Ronge Nyika anaweza kupimwa uzito, presha na sukari nyumbani kwake, na matokeo yakaingizwa kwenye simu papo hapo. Hoja yangu ni moja: vifaa hivi vitamfaa mtu mnene iwapo tutamhudumia kabla ya kumhukumu.

2. Chimbuko la madai

Watu wanene walianza kudai haki zao zamani. Mwaka 1969 chama cha kuwatetea, NAAFA, kiliundwa Marekani. Mwaka 1973 Judy Freespirit na mwenzake Aldebaran wakatoa ilani ya kudai heshima na kupinga biashara ya kukondesha watu. Hata hesabu ya uzito kwa urefu tunayoitegemea ilitoka kwa Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19. Alitafuta wastani wa umma. Hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja.

3. Hali yetu

Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walizidi uzito unaopendekezwa. Hao ni majirani zetu. Mama akinenepa husifiwa kwamba anatunzwa. Akikonda, watu hunong'ona kuhusu ugonjwa. Mama huyo huyo akienda kutibiwa goti huambiwa apunguze mwili, na goti halishikwi. Akifungua simu hukuta stika za kumcheka na matangazo ya chai ya kukata kitambi. Ni kweli unene huongeza hatari ya kisukari na presha. Lakini aliyeaibishwa huacha kuja kupimwa, na hapo hatari huzidi.

4. Kipimo na siri

Mkanda wa kawaida wa presha hufaa mkono wenye mzunguko wa takriban sentimita 22 hadi 32. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kuwa waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, walipopimwa kwa ule wa kawaida, presha yao ya juu ilisomeka karibu mmHg 20 zaidi. Simu hupokea kosa hilo bila kuuliza, na mtu mwenye afya akaonekana mgonjwa.

Halafu kuna siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Uzito wa mtu si habari ya kundi la WhatsApp la kijiji.

5. Mapendekezo

(a) Omba ruhusa kabla ya kupima, na usitaje kilo mbele ya wageni au watoto.
(b) Pima mzunguko wa mkono kwanza. Mkanda usipotosha, andika hivyo na umpeleke mtu kituoni.
(c) Sikiliza lililomleta kabla ya kugusia uzito.
(d) Rekodi ujumbe mfupi wa sauti kwa Kidawida na Kiswahili kuhusu chakula, mazoezi na dawa, usio na kejeli.
(e) Kaunti inunue mikanda mikubwa, mizani ya kilo nyingi na viti imara visivyo na mikono.

Nawasihi tuanze na (a) katika ziara ya kesho. Hilo halihitaji bajeti.