Kambi za likizo na Tuzo ya Rais

Tuzo ya Rais nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1966, miaka kumi baada ya Tuzo ya Duke of Edinburgh ya Uingereza iliyoizaa. Huwaniwa na vijana wa miaka 14 hadi 24, katika ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Sehemu za huduma kwa jamii, stadi na mazoezi ya mwili hufanywa kidogo kidogo kwa miezi. Sehemu inayowatoa wengi jasho ni safari ya kikundi, na hapo ndipo kambi ya likizo huwafaa. Kambini kijana hujifunza kusoma ramani na dira, kusimamisha hema, kupika nje, kutibu malengelenge na, jambo gumu kufundishwa darasani, kuchukuliana na mwenzake aliyechoka. Safari ya majaribio hutangulia ile ya kupimwa, ambayo kwa shaba ni siku mbili na kulala nje mara moja, kwa dhahabu siku nne na kulala mara tatu. Wakati wa kupimwa msimamizi hukaa kando, kwa hiyo aliyezoea kubebewa mzigo huumbuka. Anayewania dhahabu hukaa pia siku tano na watu asiowazoea, wakifanya kazi ya pamoja. Kambi yenyewe yaweza kuhesabiwa kuwa siku hizo tano, mradi iwe imeidhinishwa mapema.